Nimempaka Paka wa Binti Yangu Dawa ya Ngamia

Mpendwa Bi Naziha wa ukurasa wa Jumapili, kabla sijaomba msaada naomba usicheke, maana mume wangu amekwisha kucheka na dada yangu amecheka mpaka akakaa chini, na mimi ninayelia nimebaki peke yangu, mwanamke wa miaka sitini na moja niliyezaa wanne na kuzika wazazi wote wawili bila kuchanganyikiwa, na leo nimekaa sakafuni kando ya kitanda changu cha kufumia namwita paka na paka haji.

Naitwa Dhahbiya, niko Douz, na huyu paka si wangu, ndipo shida inapoanzia. Ni wa binti yangu wa mwisho, Yosra, aliyemwokota kwenye banda la kupakia tende akiwa hajafungua macho, akamlea kwa chupa, akamwita Degla, jina la tende zetu za huku, kwa sababu rangi yake ni ile ile ya tende iliyoiva, na Septemba iliyopita Yosra alipopata kazi ya ualimu Bizerte, kule juu mwisho wa nchi, aliniwekea paka mapajani akaniambia, "Mama, nguo zangu gawa ukitaka, kitanda changu gawa, ila Degla ni amana," na mimi nikamjibu, "Nenda salama mwanangu, nikimtazama yeye nitakuona wewe," na ilikuwa kweli, maana tangu hapo kila nikikaa kufuma alikuwa analala juu ya mguu wangu wa kushoto mpaka ukafa ganzi, na kila Ijumaa Yosra akipiga simu ya picha, kabla hajaniuliza hali yangu anauliza, "Degla yuko wapi?"

Sasa siku kama kumi kabla ya Idi ya kuchinja Degla alianza kujikuna masikio na kutikisa kichwa, nikamchungulia nikaona ndani kuna uchafu mweusi kama machicha ya kahawa, nikasema hapa si pa kuchezea, nikampeleka mjini Kebili kwa daktari wa mifugo, na kwa kuwa sina kitu kingine nilimtia kwenye kikapu changu cha kuku, kile ninachobebea kuku hai kutoka sokoni, nikafunika kitambaa na kufunga kamba, na njia nzima alilia kwa sauti ambayo sijapata kuisikia kwa mnyama, mpaka abiria mwenzangu akaniuliza kama nimebeba mtoto mchanga. Tulipofika, uwanja wa daktari ulikuwa umejaa kondoo dume, si unajua siku za Idi, kila mtu kaleta wake akaguliwe, na mmoja wao, pembe hizi hapa, akakipiga kikapu kichwa, kamba ikakatika, Degla akaruka nje akapanda mgongoni kwa mzee mmoja, akatoka hapo akapanda dirishani, akajikojolea, na alipokamatwa alikuwa amemchana daktari kutoka kiganjani mpaka kwenye kiwiko.

Maskini daktari, hakukasirika. Alichungulia sikio moja kwa shida, akasema ni utitiri, akanipa chupa ya dawa ya kudondoshea ndani ya masikio asubuhi na jioni. Bi Naziha, nimeitumia mara mbili tu. Mara ya kwanza dawa iliingia kwenye jicho langu mwenyewe, mara ya pili aliniuma kidole hiki cha shahada mpaka kikavimba, na tangu siku hiyo ile chupa iko kwenye friji nyuma ya kopo la harisa, pilipili yetu ya kusaga, na kila nikifungua friji nageuza uso kama mtu anayepishana na anayemdai. Baada ya safari ile Degla alikaa juu ya kabati siku nne, akajilamba tumbo mpaka manyoya yakatoka, na hata sasa akiona kile kikapu, hata kikiwa na vitunguu, anatoweka. Nikaapa kwamba kwa daktari hatarudi tena.

Dada yangu aliniuliza, "Kwani Kebili ulifuata nini? Si daktari huyo huyo huja hapa kila Alhamisi kwenye soko la mifugo kuwatazama ngamia?" Kweli huja, na kutoka kwangu ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu, lakini nilipomwambia mume wangu, Haji Lazhar, alishika kichwa akasema, "Uje na paka kwenye kikapu mbele ya wanaume wa soko la ngamia? Nitahama mji huu, Mama Yosra. Wallahi nitahama."

Basi masikio yakaendelea, yakatoka magaga, yakatoa harufu, na jana Jumatatu mchana Haji akaniona namfukuza Degla chumba kwa chumba na pamba mkononi.

"Unahangaika nini? Lete gatrani," akasema. Ndiyo, Bi Naziha, gatrani, ile lami nyeusi ya mti wa mreteni tunayowapaka ngamia wenye upele.

"Gatrani ni ya ngamia, Haji."

"Babu yangu alimponya dume la kilo mia sita kwa gatrani. Itashindwa na kipande hiki cha kilo nne?"

Ningeweza kukataa. Nilikuwa nimechoka, na masikio yalikuwa yananinyima raha, na Haji kwa ngamia kweli ni fundi, watu wanamfuata kutoka mbali. Nikamfunga Degla kwenye taulo, nikamshika, Haji akachovya kijiti chenye sufi, akampaka sikio la kulia, sikio la kushoto, na shingoni akaongeza kidogo kwa baraka. Nilimshika mimi kwa mikono yangu hii, na ndilo linalonichoma kuliko yote, kwa sababu alikuwa ananitazama mimi, hakumtazama Haji.

Alipoponyoka alijifuta masikio kwa makucha, akalamba makucha, akajifuta tena, akalamba tena, mdomo ukaanza kutoa mate, akaingia nyuma ya kitanda cha kufumia kwenye pembe ambayo mkono wangu haufiki, na mpaka leo Jumanne ninapoandika hajala, mate yamekatika na maji amekunywa kidogo, lakini chakula ananusa tu. Chumba kizima kinanuka gatrani. Haji sasa anasema tumfute kwa petroli.

Na kuna jambo jingine ambalo hata Haji halijui. Ijumaa mbili zilizopita, kwa kuwa sikutaka Yosra ayaone yale magaga, nilikwenda kwa jirani yangu Bi Mongia nikamwazima paka wake Pasha, ambaye ni kaka yake Degla kwa mama mmoja na rangi ni moja, nikamwonyesha Yosra huyo. Ijumaa ya kwanza alisema, "Mama, mbona Degla amenenepa uso?" Nikasema, "Kuskusi, mwanangu." Ijumaa ya pili alimwita kwa jina, akamwita tena, na Pasha hakugeuka, akawa anajilamba mguu, na Yosra akasema, "Amenisahau." Bi Naziha, mtoto wangu alilia na mimi nikamwacha alie.

Naomba unipe dawa ya nyumbani, chochote kilichoko jikoni, nitafanya usiku na mchana, ila tafadhali usiniambie nimtie kwenye kikapu nimpeleke Kebili, maana safari hiyo itamuua kabla ya utitiri. Na uniambie kama paka husamehe.

Ni mimi Dhahbiya, mke wa Lazhar, mama yake Yosra, Douz.

*

Bi Dhahbiya, kwa paka sikucheka. Kwa kondoo nilicheka, unisamehe, lakini hilo lilikuwa baadaye, nilipojua kwamba Degla yuko hai.

Barua yako ilinifikia kwenye simu Jumatano asubuhi. Ukurasa huu hutoka Jumapili, na paka aliyelamba gatrani hasubiri Jumapili, ndiyo maana uliona namba usiyoijua inakupigia kabla hujanywa chai. Yaliyofuata unayajua, lakini nayaandika hapa kwa sababu wako wasomaji wengi wenye gatrani kwenye kabati na Haji Lazhar sebuleni.

Ulipopokea nilianza kukwambia uilainishe ile lami kwa mafuta ya zeituni, na kabla sijamaliza mumeo akakunyang'anya simu.

"Bi Naziha, kwa heshima zako zote, mimi nimetibu ngamia miaka arobaini."

"Nakuamini, Haji. Na ngamia hujilamba masikio?"

Nikasikia kiti kinavutwa.

"Haji?"

"Hafiki," akasema.

"Paka anafika. Anajifuta kwa mkono, mkono unakwenda mdomoni. Ulichompaka sikioni amekila. Na ngozi ya paka si ya ngamia, hiyo lami inamwunguza."

Nikamsikia anasema kwa sauti ya chini kabisa, "Mama Yosra, leta hayo mafuta." Nilimpenda mumeo hapo. Wanaume wa kuambiwa mara moja ni wachache, nami nimeolewa mara mbili, najua ninachosema.

Nikampigia daktari wa Kebili, yule yule uliyemwachia alama mkononi. Aliuliza maswali matatu: anatembea sawa, anatetemeka, bado anatoa mate? Uliponijibu kwamba anatembea sawa, hatetemeki na mate yamekatika, akatuambia la kufanya. Mafuta ya zeituni kwenye manyoya yaliyoshikana, lami ilainike, kisha maji ya uvuguvugu na sabuni laini ya vyombo, kidogo kidogo, bila kuingiza maji ndani ya sikio, na taulo mwilini ili asijilambe kabla hujamaliza. Petroli asiguswe nayo kabisa, wala vitunguu saumu, wala mafuta ya manukato, wala vidonge vyetu vya maumivu, kwa sababu kidonge kimoja cha binadamu kinatosha kumuua paka. Akiyumba, akitetemeka, mate yakirudi, hapo hakuna cha nyumbani, ni kukodi gari saa hiyo hiyo hata kama atalia mpaka Kebili. Mlisogeza kitanda cha kufumia, mkamwosha wawili, mkachanwa wawili, na akatoka msafi. Hongera.

Sasa nikugombeze, maana umeniandikia ili ugombezwe kidogo, usibishe.

Kosa lako si gatrani. Gatrani ni kosa la Haji, na ameshalijua. Kosa lako ni ile chupa nyuma ya harisa. Daktari alikupa dawa, dawa ikakushinda, ukaona aibu kumwambia imekushinda. Ungempigia siku ya pili ukasema, "Daktari, paka huyu hashikiki," angekwambia kwamba iko dawa nyingine, tone moja tu la kuweka kwenye ngozi nyuma ya shingo mara moja kwa mwezi, kwa kipimo cha kilo zake, na sikio huligusi. Wewe ulifunga friji na kugeuza uso zaidi ya wiki mbili. Paka alipata magaga akikungoja uache kuona haya.

Na la pili. Nyinyi watu wa Douz mnanishangaza. Ngamia wa kilo mia sita daktari anamfuata alipo, anamkagua amesimama kwenye mchanga wake, na mwenye ngamia anamletea daktari chai. Paka wa kilo nne anafungwa kwenye kikapu chenye harufu ya kila kuku aliyewahi kuchinjwa nyumbani kwako, anasafirishwa, anapigwa na kondoo, kisha mnasema paka huyu ana wazimu wa daktari. Bi Dhahbiya, hata mimi ningepanda mgongoni kwa yule mzee. Degla hana kinyongo na daktari mwenyewe. Alichukia kikapu, njia na pembe, na akakuona wewe ndiye uliyemfungia humo.

Alhamisi, nimeambiwa, Haji Lazhar alikwenda soko la ngamia mwenyewe. Alimsubiri daktari amalize, akamshika bega akasema, "Njoo unywe chai kwangu," na paka hakumtaja mpaka walipofika mlangoni. Kwa bahati mbaya yake wanaume wawili waliwafuata, maana chai ya nyumbani kwako inajulikana, wakaona yote. Na baada ya kucheka, umeniambia mwenyewe, mmoja akamvuta daktari pembeni akamnong'oneza habari za paka wake mwenye jicho linalotoka usaha. Haji hajahama mji mpaka sasa.

Daktari alikaa sakafuni kama nilivyomwomba. Hakumvuta Degla kwenye pembe yake. Alikunywa chai, akazungumza habari za mvua, na paka alipotoa kichwa kunusa kiatu chake, tone likawekwa nyuma ya shingo, na kazi ikaisha kabla glasi ya pili haijapoa. Ngozi imeungua kidogo, itapona. La pili mwezi ujao, hapo hapo sakafuni, kwa chai ile ile. Na Bi Mongia ampatie Pasha tone lake pia, maana ulipokuwa unamwazima kwa ajili ya picha hukufikiria kwamba utitiri unahama.

Yaliyobaki ni ya kwako peke yako. Kile kikapu cha kuku kirudishe kwa kuku. Nunua kingine kipya kisichonuka kitu, kiweke wazi kwenye chumba unachofumia, ndani weka shali ya Yosra, na uwe unamwekea humo kipande cha tuna kila siku. Usifunge mdomo wa kikapu mwezi mzima. Siku ikitokea safari ya lazima, ataingia kwenye shali ya Yosra, hataingia kwenye mtego. Na wewe rudi kwenye kufuma kwako. Usimwite, usimtazame, usiingize mkono kwenye ile pembe. Weka mguu wa kushoto pale unapouweka siku zote na uendelee na kazi. Jana asubuhi umenitumia ujumbe kwamba amekula nusu kopo, ila alingoja utoke chumbani kwanza. Wewe ulisoma hapo kwamba hakutaki. Mimi nimelea paka kumi na mmoja, na nasoma hapo kwamba ana njaa na anataka kuishi. Jana alingoja utoke chumbani, wiki ijayo atangoja ugeuze mgongo, kisha utashangaa mguu umekufa ganzi. Umeniuliza kama paka husamehe. Sijui, hawajawahi kuniambia. Ninachojua ni kwamba hurudi mahali ambapo kwa siku nyingi mfululizo hakuna baya lililowapata.

Ila Yosra si paka, na yeye hutamrudisha kwa kunyamaza. Juzi Ijumaa ulimwambia mtandao ni mbovu. Bi Dhahbiya, mtoto wako yuko ugenini anaamini kwamba kiumbe alichokilea kwa chupa hakimjui tena, na wewe unaweza kumwondolea huzuni hiyo kwa sentensi moja. Unaogopa atakuona umevunja amana. Mwenye kuvunja amana halali sakafuni kando ya kitanda cha kufumia siku tatu. Mwambie yote, kondoo, chupa, gatrani na Pasha. Atakukasirikia, ni haki yake, kisha atacheka kwenye kondoo kama mimi.

Tena nilikuuliza mara mbili kama nifiche majina, na mara mbili ukasema niyaache. Mtu anayetaka siri haandiki mwisho wa barua jina lake, la mumewe na la bintiye. Nadhani ulitaka ajue, ukakosa pa kuanzia, ukaniachia mimi. Sikubali kazi hiyo. Gazeti hili hufika Bizerte saa nne asubuhi, na walimu, ninavyowajua, hununua gazeti Jumapili. Kama wewe umelipata mapema, muda unao. Weka gazeti chini, chukua simu, usiende kwa Bi Mongia. Kaa sakafuni, mwambie yote, ielekeze simu kwenye ile pembe, kwa Degla mwenyewe na masikio yake yalivyo, kisha unyamaze, mwache Yosra aite.